Mwenye Kompyuta Ndiye Studio

Kila ukoo wa Waswahili hapa Ibra, Omani, una mtu mmoja ambaye jamaa walikata shauri, bila kumuuliza, kwamba "anajua kompyuta". Hakusomea. Ilitosha aonekane mara moja akifungua laptopu bila kumwita mtoto amsaidie. Katika ukoo wetu mtu huyo ni mimi. Mchana nina kazi yangu nyingine. Baada ya Isha nageuka studio. Naletewa picha zilizoliwa na wadudu, zilizopigwa na unyevu, zilizochanwa kwa hasira kisha zikagandishwa kwa majuto, na zote natakiwa nizirudishie ujana. Malipo yake ni kahawa, halwa na dua ya umri mrefu. Dua naitikia amin, ila huo umri wenyewe naona nitaumalizia nikifuta madoa kwenye mapaji ya watu.

Vijana wakinikuta kazini wana swali moja: ami, unatumia programu ya bure au ya kulipia? Wanaliuliza kwa ukali, na kila upande una mashabiki wake. Wanadhani ni suala la pesa tu. Hawajui ninaletewa nini na ninaombwa nini.

Picha zenyewe nyingi asili yake ni Unguja. Wazee walipoondoka baada ya mapinduzi ya Januari 1964, na wengine walipofika huku baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970, hawakubeba makabati. Walibeba bahasha. Ndani ya bahasha hizo mna mabibi waliokaa kwenye viti vya studio, mbele ya pazia lililochorwa bustani ambayo Unguja haikuwahi kuwa nayo. Baadhi ya picha hizo zilipigwa Capital Art Studio, ambayo Ranchhod Oza aliifungua Mji Mkongwe mwaka 1930. Na kabla yake, tangu karne ya 19, Wagoa wa jina la Gomes walikuwa tayari wakiwapiga picha watu wa Unguja. Mafundi wa enzi hizo, kama wenzao wa dunia nzima, hawakuwa malaika. Walikuwa na penseli ya kufutia chunusi kwenye negativu na brashi ya kupakia mashavu rangi. Kwa hiyo anayeniambia kwamba uongo wa picha umeletwa na simu, namwomba akae chini anywe kahawa.

Tofauti ni kwamba fundi yule alikuwa na mlango na saa ya kufunga, nami sina.

Shangazi yangu wa Nizwa ana picha ya marehemu mama yake, ya miaka ya 1950: gauni la mikono mifupi, kiuno kimebanwa, nywele zimetengenezwa, mkoba mkononi, na jicho la mtu anayejijua. Picha nzuri kuliko zote nilizonazo. Shangazi anataka niichape kubwa aitundike sebuleni, "lakini kwanza mvishe buibui, wajukuu wasije wakauliza maswali." Nimemwambia bibi alijipamba mwenyewe, akachagua gauni mwenyewe, akaenda studio kwa miguu yake mchana kweupe, wala hakuna aliyemfumania. Haikusaidia. Shangazi anasema programu nzuri lazima iwe na buibui ndani yake.

Mjomba naye ana picha ya harusi. Anataka mtu mmoja atoke. Sitaeleza ni nani. Walioishi naye wanajua, na walioachana naye wanajua zaidi. Kumfuta mtu si kazi kubwa siku hizi. Kazi ni mkono wake. Mwanamke anaondoka, mkono unabaki begani kwa mjomba, una bangili, umetulia, hauna mwenyewe. Kila mgeni atauona mkono kabla ya kumwona mjomba.

Na ami wa Sur, Mungu amhifadhi, anataka babu yake asimamishwe juu ya Fatah al-Khair. Wasioijua Sur nawaeleza: ni jahazi kubwa lililoundwa pale pale Sur, likauzwa nje, likarudishwa kutoka Yemen mwaka 1993 kwa michango ya watu wa mji, na sasa limewekwa nchi kavu watu walitazame. Jahazi hilo liliundwa mwaka 1951. Kufikia hapo babu alikwisha kuzikwa. Nikamwambia ami kwamba tarehe zinakataa. Akanijibu, "Si una kompyuta?"

Sasa, kwa kazi hizi, mtu anunue programu gani?

Inayotajwa kwanza siku zote ni Photoshop. Watu wanaitaja hata wasioijua. Kwa shangazi yangu kila picha iliyoguswa "imepigwa fotoshopu", hata ikiwa imekatwa kwa mkasi. Ndugu wawili wa Kimarekani, Thomas na John Knoll, ndio walioianzisha, na Adobe wakaanza kuiuza mwaka 1990. Ni programu kubwa, hilo halina ubishi. Zamani uliinunua ndani ya boksi, ghali mno, lakini ikishakuwa yako ni yako, unaweza kuirithisha. Mwaka 2013 Adobe wakatangaza kwamba matoleo mapya hayatauzwa tena hivyo, yatalipiwa kila mwezi. Tangu hapo hununui nyumba, umepanga. Ukikosa kodi mwenye nyumba anabadilisha kufuli, na vyombo vyako vimo ndani.

Hesabu yake hii hapa. Kwa bei ya Marekani, programu hiyo peke yake inakaribia dola 23 kwa mwezi. Riali yetu imefungwa kwenye dola tangu 1986, riali moja kwa dola 2.6, kwa hiyo hapo una riali kama 9. Ukiisema kwa mwezi inaonekana ndogo; ndiyo maana wanaisema kwa mwezi. Kwa mwaka ni zaidi ya riali 100. Ukishika riali 100 mkononi asubuhi ya Ijumaa kwenye soko la mifugo la Nizwa, wenye mbuzi wanakusalimia wao kwanza.

Kisha kuna kujitoa. Mpango unaopendwa zaidi ni wa mwaka mzima unaolipwa kidogo kidogo, na ukitaka kuondoka kabla ya mwaka kwisha unatozwa ada. Juni 2024 Serikali ya Marekani iliwapeleka Adobe mahakamani ikidai kwamba ada hiyo ilifichwa kwenye maandishi madogo na kwamba wateja waliwekewa vikwazo wakitaka kujitoa. Ikiwa Serikali ya Marekani, yenye mawakili wake wote, imeona maandishi ni madogo, mimi mwenye miwani ya duka la dawa nitayaonaje?

Najua kuna watakaoninong'oneza kwamba ipo njia ya tatu. Ipo. Zamani iliuzwa kwenye sidii isiyokuwa na jalada, na siku hizi kijana anaishusha kutoka kwenye tovuti yenye picha za wanawake na vitufe vinane vya kijani, kimoja tu ndicho cha kweli. Mbali ya kwamba ni wizi, na kwamba Omani ina sheria ya hakimiliki iliyopitishwa kwa Amri ya Kifalme namba 65 ya 2008, programu hizo huja na wageni. Kompyuta inaanza kufungua kurasa yenyewe usiku wa manane. Jirani mmoja alikwisha kuweka picha za familia nzima kwenye mashine ya namna hiyo. Asubuhi alikuta mafaili yote yamefungwa na barua ya kudai fidia. Bure yake ilimgharimu harusi mbili na matanga moja.

Bure ya halali ni nyingine, na maarufu yake ni GIMP. Waliianza wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, ikatoka kwa watu mwaka 1996, na tangu hapo inaendelezwa na watu wa kujitolea. Hakuna kodi, hakuna kadi ya benki, hakuna mtu anayekuuliza tarehe yako ya kuzaliwa. Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni: kufuta madoa, kuziba mipasuko, kurudisha weusi uliopauka, yote inafanya, na bibi hatajua kwamba hukulipa.

Lakini jamani, sura yake! Vitufe vimejificha, na menyu ina watoto, wajukuu na vitukuu. Ukifunga dirisha moja kwa bahati mbaya, kulirudisha ni kazi ya kutafuta mpaka alfajiri. Toleo la 2.10 lilitoka mwaka 2018, na tukangoja la 3.0 mpaka Machi 2025. Ndipo sasa unaweza kuweka marekebisho mengi juu ya picha, kisha ukabadili mawazo kesho yake bila kuharibu ya chini. Wenye kulipa walikuwa nayo hiyo zamani sana. Watu wa kujitolea huwezi kuwagombeza. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Nikikasirika sina hata pa kupiga simu.

Liko jingine ambalo wapimaji wa programu wa London na New York hawaligusi: Kiarabu. Hapa hakuna picha inayotoka bila maandishi. Mabruk, Idi Mubaraka, jina la marehemu na dua yake. Programu nyingi zilitengenezwa na watu waliodhani dunia nzima inaandika kutoka kushoto. Kwa miaka mingi Photoshop ya kawaida ilikuwa ikizitenganisha herufi za Kiarabu na kuzipanga kinyume, mpaka utafute toleo maalumu la Mashariki ya Kati. Leo kuna mahali pa kubofya, ukipajua. Affinity Photo, ya Waingereza, ilipotoka mwaka 2015 ilisifiwa kwa kuwa unailipia mara moja tu, basi. Lakini kuandika kutoka kulia haikujua kabisa. Mwaka 2024 ikanunuliwa na Canva, na mwishoni mwa 2025 wakaamua kuitoa bure kwa kila anayefungua akaunti. Waliolipa wakabaki wanatazamana.

Na hiyo ndiyo tabia ya bure ya makampuni: inakuja yenyewe na inaondoka yenyewe. Google walikuwa na Picasa, nyepesi, rahisi, mjomba mwenyewe aliiweza. Mwaka 2016 wakaacha kuiendeleza. Mjomba mpaka leo anaisema kwa masikitiko, na mke wa kwanza hajawahi kusemwa hivyo.

Nije kwenye simu, maana huko ndiko nilikopatia shinikizo la damu.

Zimezuka programu za simu zinazojigamba kwamba unaweka picha kuukuu, unabofya mara moja, akili mnemba inaisafisha na kuitia rangi. Bure. Kijana mmoja wa nyumbani akampitisha bibi yule wa gauni kwenye moja ya programu hizo, ambayo sitaitaja, akaipeleka kwenye grupu la ukoo kabla mimi sijamaliza hata kufungua GIMP. Sasa sikilizeni. Bibi alikuwa na mwanya, mwanya uliowaleta wachumba mpaka barazani kwa baba yake. Programu ikauziba. Alikuwa na kipini puani. Ikakiona doa, ikakifuta. Ngozi yake ya maji ya kunde ikapaushwa. Macho yakawa ya kijivu. Gauni ambalo shangazi mkubwa analikumbuka kuwa la samawati likawa na rangi ya chai ya maziwa. Grupu zima likashangilia: mashallah, mashallah, kama ya jana! Shangazi mkubwa, mwenye miaka themanini na ushei, ndiye peke yake aliyeuliza, "Huyu Mturuki nani?"

Hapo ndipo penye hasara. Programu hizo hazirudishi kilichopotea. Hazimjui bibi. Zimeonyeshwa nyuso kwa mamilioni, na pale picha ilipofifia zinabandika uso unaoelekea kuwa pale, wa yeyote. Fundi wa studio kwa penseli yake alimwondolea mtu chunusi, hakumwondolea mwanya. Na ukishafurahia mara moja, ya pili unaambiwa uangalie tangazo, ya tatu uandike namba ya kadi. Bibi mwenye mwanya ninaye kwenye karatasi, bila kulipa.

Kuna mtu mmoja katika ukoo ambaye simlaumu kwa kulipa, naye ni mtoto wa kaka yangu. Kazi yake ni kupiga picha za harusi upande wa wanawake, kuanzia hapa Ibra mpaka Jaalan. Kwa asiyejua mila za huku: ukumbi wa wanawake mwanamume haingii, na simu yenye kamera mara nyingi haipiti mlangoni. Picha za bi harusi na wageni wake ni amana. Kwa hiyo yeye swali lake la kwanza halikuwa bei. Lilikuwa: picha inakwenda wapi nikishabofya?

Tovuti nyingi za bure zinataka uipandishe picha kwao kwanza. Harusi ya watu hiyo, unaikabidhi kwa kompyuta ya nchi usiyoijua! Iliyomridhisha kati ya za bure ni Photopea, ya kijana wa Kiukreni aishiye Prague, Ivan Kutskir: inafunguka kwenye kivinjari lakini kazi inafanyika humo humo kwenye mashine yako, picha haitumwi popote. Mwenye kuiendesha anakula kwa matangazo ya pembeni. Kwa kazi ndogo ndiyo anayoitumia. Kwa harusi nzima analipia Lightroom Classic, mafaili anayaweka kwenye diski yake kabatini, ufunguo shingoni. Anarekebisha mwanga wa picha moja, marekebisho yale yale anayapeleka kwenye nyingine zote za ukumbi ule. Ya bure ifanyayo hivyo ipo, darktable, lakini kuijua kunataka muda, na bi harusi anataka picha zake kabla fungate halijaisha. Juni 2024 Adobe walipowataka wateja wakubali maneno mapya ya mkataba, wateja wakahofu kwamba kazi zao zitachunguliwa. Yeye alisimamisha kazi mpaka kampuni ilipoyaandika upya na kutamka kwamba haifundishi akili mnemba kwa mafaili ya wateja. Mimi nisingejua hata kama mkataba umebadilika. Mimi hubofya "nakubali" na kusema bismillahi.

Nilipomtania kuhusu riali zake za kila mwezi alinijibu bila kuinua kichwa, "Ami, mimi harusi moja ni picha mia nane. Wewe una bibi mmoja."

Ndivyo ilivyo. Anayekula kwa picha alipe, na gharama aitie kwenye bei ya harusi. Waoaji wa siku hizi wanalipia mpaka moshi wa jukwaani. Mwenye bibi mmoja, au hata mabibi kumi kwenye bahasha, asitoe hata baisa. Apakue GIMP, avumilie sura yake kwa wiki chache, na simu aiweke mbali na nyuso za marehemu.

Tena nikuambieni, kinachoua picha nyingi ninazoletewa si programu ya bure wala ya kulipia. Ni WhatsApp. Mtu anaiweka picha ya karatasi mezani chini ya taa, anaipiga kwa simu, na kivuli cha mkono wake na mng'aro wa taa vinaingia. Anaipeleka kwa dada yake Muscat, dada kwa binamu Dubai, binamu kwa mjomba, mjomba kwangu. Inapotumwa inabanwa. Tangu Agosti 2023 kuna kitufe cha kutuma kwa ubora wa juu zaidi, na katika ukoo wetu sijamjua aliyewahi kukigusa. Ikinifikia, uso wa mtu una ukubwa wa punje ya ubani, kisha nasikia, "Kuza kidogo tumwone vizuri." Hakuna programu, hata ya riali elfu, inayoweza kumwona mtu ambaye hayumo.

Kwa hiyo jamaa wa Ibra, Sur na Nizwa, na mlioko Muscat mnaojifanya hamkuliona grupu: leteni karatasi yenyewe. Ninayo skana, nitaiweka kwenye nukta 600 kwa inchi, na picha yenu mtarudi nayo mkononi siku hiyo hiyo. Msiitoe kwenye albamu kwa kisu. Leteni albamu nzima. Nyuma yake andikeni kwa penseli laini ni nani na ni wapi, maadamu shangazi mkubwa bado anawakumbuka, na mkishindwa mleteni yeye pamoja na picha. Buibui sivishi. Mikono isiyo na wenyewe sichukui tena. Babu wa Sur atabaki pwani. Na Jumatano asubuhi msije: ni siku ya soko la wanawake hapa Ibra, nyumba nzima imekwenda huko, na kahawa hakuna.